Mnampima mama au mnampima binti?

Asanteni jamani, nyie wa pale mlangoni sogeeni, viti vipo. Naanza na kakitu kadogo. Mama wa watu, mhamiaji huko ugenini, kapelekwa kupimwa demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, daktari anauliza kwa lugha ya nchi ile, leo siku gani, binti kakaa katikati ndo mkalimani. Mama anajibu kitu hakieleweki kabisa, binti anaona aibu, anamgeukia daktari, "kasema Jumanne". Sa hapo nani kapimwa? Kapimwa binti, na kafaulu.

Simlaumu, mi mwenyewe ningefanya hivohivo, nani anataka kumwaibisha mzazi wake mbele ya mgeni. Ndo maana nasema tafuteni mkalimani aliyesomea kazi, na kabla hajaanza mwambieni atafsiri kila neno hata pumba, maana hizo pumba ndo daktari anazitafuta.

Afu kipimo chenyewe. Kile maarufu cha mwaka 1975, MMSE, kuna mahali unaambiwa utaje herufi za neno kinyumenyume, sa mtu ambaye darasa hakuliona maisha yake yote anaanzia wapi, ataonekana mgonjwa kumbe hajasoma tu. Sydney, Australia, mwaka 2004 wakaja na kipimo kingine, RUDAS, pointi 30, imetengenezwa makusudi kwa watu wa lugha na elimu tofauti. Unapewa vitu vinne vya kununua ukumbuke, majani ya chai, mafuta ya kupikia, mayai, sabuni. Unaulizwa barabara ina magari mengi, hakuna zebra wala taa, utavukaje salama? Napenda sana hilo swali, barabara kila mtu kavuka.

Kitu kingine, lugha uliyojifunzia ukubwani mara nyingi ndo inatangulia kuondoka. Mtu kakaa ugenini miaka 40, kazi kafanya kwa lugha ya kule, bili kalipa kwa lugha ya kule, taratibu anarudi kwenye ya utotoni na hata hajui kama karudi. Nesi anaandika "mkorofi, hashirikiani". Kumbe mama wa watu anaomba chooni! Maneno kumi tu ya lugha yake yabandikwe ukutani kwa herufi ambazo nesi anaweza kuzisoma, choo, maji, maumivu, baridi, nani anashindwa hilo jamani.

Na jina la ugonjwa pia, lugha nyingi halina, unasikia ni uzee, kachanganyikiwa, au kalogwa, afu mtu wa vipeperushi anatafsiri "kichaa" na kushangaa mbona havichukuliwi.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni ile watu wanavyosema kuhusu familia za wahamiaji, "hao wanatunzana wenyewe". WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema duniani watu zaidi ya milioni 55 wana demensia, na katika masaa ya kuwatunza, asilimia 70 ni wanawake. Ingia nyumba hizo uliza nani anamtunza mzee, utaambiwa "sisi wote", kaa kidogo uone, ni mkwe mmoja, ndo anaogesha, ndo anafunga mlango usiku ili baba asitoke, na fomu ikimuuliza wewe ni mtunzaji anasema hapana, mi ni mke wa mwanawe tu. Achana na fomu, muulize jana ulilala saa ngapi, na ukae umsikilize, maana atachukua muda.

Haya maswali, yule dada wa kitambaa cha kijani mkono umeshachoka.