Daftari Chafu Kwanza: Kuchagua Kumbukumbu za Jukwaa

MTANGAZAJI 1: Karibuni. Tuseme una masanduku 40 ya tamthilia za zamani: mabango, tiketi, picha, kanda. Uwezo wa kuskani ni masanduku matano tu. Unaanzia wapi, dada?

MTANGAZAJI 2: Si kwenye bango, kaka, ingawa ndilo linalovuta macho. Tafuta daftari la msimamizi wa jukwaa: nakala ya tamthilia iliyokatwakatwa mistari, penseli imejaa pembeni, nani aingie wapi, taa izimwe kwenye neno lipi. Tamthilia iliyochapwa utaipata maktaba nyingine. Hili likipotea, limepotea.

MTANGAZAJI 1: Na huwa limejaa vikaratasi vya kubandika.

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo kazi huharibika. Kikaratasi kinafunika maandishi, kwa hiyo ukurasa huo upigwe mara mbili, kikiwa kimelala na kikiwa kimeinuliwa. Usikibandue! Tena upige kwa rangi, maana penseli nyekundu na ya bluu huenda ni za watu wawili, au za maonyesho mawili. Pikseli 400 kwa inchi zinatosha. Weka TIFF, faili kubwa isiyopoteza ubora, ya kuhifadhi, na JPEG, faili ndogo, ya kusomea. Mgongo wa daftari ukiwa mkavu usililaze bapa kwenye skana, litapasuka. Liegemeze likiwa wazi nusu, upige kwa kamera.

MTANGAZAJI 1: Ila kanda za video zinaruka foleni.

MTANGAZAJI 2: Lazima. Karatasi nzuri itakusubiri miaka kumi. Kwenye kanda, gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu na kulegea, na mashine mpya za kuchezea kanda za VHS ziliacha kutengenezwa 2016. Negativu za asetati nazo, yaani filamu za picha za plastiki ya zamani, zikinuka siki zitenge siku hiyohiyo, mvuke wake huozesha za jirani.

MTANGAZAJI 1: Mimi naona kosa kubwa ni kuchagua kwa aina: leo mabango yote, mwakani picha zote. Afadhali uchague onyesho moja, uchukue daftari, kanda, michoro ya mandhari na picha za maleba kwa pamoja. Kanda peke yake mara nyingi ni kamera moja nyuma ya ukumbi, sauti hafifu. Daftari ndilo linalokuambia unachokiona.

MTANGAZAJI 2: Na bango linaloandika “Jumamosi, 14 Machi” bila mwaka?

MTANGAZAJI 1: Kalenda itakusaidia. Kati ya 1950 na 1970, tarehe hiyo iliangukia Jumamosi mwaka 1953, 1959, 1964 na 1970 tu. Linganisha na majina ya waigizaji. Ukibaki unakisia, andika [1964?], mabano na alama ya kuuliza zisiondolewe.

MTANGAZAJI 2: Hakimiliki je?

MTANGAZAJI 1: Kuskani ili uhifadhi na kuweka mtandaoni ni maamuzi mawili. Picha moja ya jukwaani inaweza kuwa na haki ya mpiga picha, ya mbunifu wa maleba, na ya waigizaji. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka, kwa kazi nyingi, angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Nchi nyingi zimeweka 70. Andika hali ya haki kwa kila faili tangu mwanzo.

MTANGAZAJI 2: La mwisho: vijitabu 30 vya onyesho lilelile.

MTANGAZAJI 1: Skani viwili. Kilicho safi zaidi, na kile chenye karatasi iliyochomekwa kusema mwigizaji fulani anaumwa, nafasi yake kachukua mwingine. Lakini vipekue vyote 30 kwanza.