Kura Iliyomwangusha Mwendesha Mashtaka wa Chicago

Ndugu zangu, hapa Tanzania Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais. Wamarekani, katika majimbo mengi, wanampigia kura mwendesha mashtaka wa eneo lao kama sisi tunavyompigia diwani. Je, kura hiyo inamwajibisha kweli? Twendeni Chicago.

Usiku wa 20 Oktoba 2014, askari Jason Van Dyke alimpiga risasi 16 Laquan McDonald, kijana wa miaka 17. Ripoti za polisi zikadai kijana aliwashambulia kwa kisu. Kamera ya gari la polisi ilionyesha vingine kabisa: kisu anacho, lakini anatembea akijitenga nao, na risasi zinaendelea hata baada ya kuanguka.

Aprili 2015 baraza la jiji likaidhinisha familia ilipwe dola milioni 5. Askari alikuwa bado hajashtakiwa! Anita Alvarez, mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Cook, eneo lenye jiji la Chicago, alijitetea kwamba uchunguzi ulikuwa ukiendelea. Mwandishi wa habari wa kujitegemea, Brandon Smith, akaenda mahakamani kudai video itolewe, akashinda. Ikatolewa 24 Novemba 2015. Siku hiyohiyo, miezi 13 baada ya kifo, Van Dyke akashtakiwa kwa mauaji.

Machi 2016, kwenye kura za mchujo za chama cha Democratic, Kim Foxx akambwaga Alvarez kwa tofauti kubwa. Van Dyke alitiwa hatiani 2018.

Naiheshimu sana kura ile. Hata hivyo, waendesha mashtaka wengi kule hupita bila kupingwa, na kesi nyingi haziendi hadi kusikilizwa: mshtakiwa anakiri kosa kwa makubaliano, mambo yanaishia chumbani. Kumdai mwendesha mashtaka fidia nako hakuwezekani, maana tangu 1976 Mahakama ya Juu imemkinga kwa anayoyatenda akiendesha kesi. Imebaki kura, na mpiga kura haoni kitu. Ndiyo maana nasema ofisi hizi zilazimishwe kutangaza, kabla ya uchaguzi, kesi ngapi zimefutwa na kwa sababu gani, askari wangapi wamelalamikiwa na wangapi wameshtakiwa. Smith asingekwenda mahakamani, wapiga kura wa 2016 wangempima Alvarez kwa mabango yake ya kampeni.