Simba 2023/24: Msimu Ulioharibikia Dirisha Dogo

Makocha wenzangu na viongozi wa klabu, mmenitaka nizungumzie usajili. Nimechagua msimu ambao bado unawauma wengi humu ukumbini: Simba ya 2023/24.

Tuanze na msimamo wa ligi. Yanga bingwa, pointi 80. Azam ya pili, pointi 69. Simba nayo pointi 69, lakini ya tatu kwa tofauti ya mabao. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapeleka Azam Ligi ya Mabingwa Afrika, na Simba ikaangukia Kombe la Shirikisho. Naomba mwende na mimi kwenye hayo mabao.

Wengi wakiukumbuka msimu ule huanzia Novemba 5, 2023, Simba ilipofungwa na Yanga tano kwa moja. Nawaelewa. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa kocha wa Simba tena. Lakini dabi moja, hata ukipigwa tano, inakugharimu pointi tatu, na ligi ilikuwa bado mbichi. Akaja Abdelhak Benchikha, mtu aliyekuwa ametoka kuipa USM Alger Kombe la Shirikisho mbele ya Yanga hiyohiyo. Kocha wa kiwango cha juu kabisa.

Sasa tazameni Januari. Katika dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, Simba iliwaachia Jean Baleke na Moses Phiri, washambuliaji waliokwisha kuizoea ligi yetu, viwanja vyake na mabeki wake. Wakaingia Freddy Michael Koublan, akitokea Zambia, na Pa Omar Jobe. Sina neno na vijana hao. Straika mgeni anahitaji muda wa kujua kiungo Clatous Chama anapiga pasi lini, beki Kapombe anapanda vipi, na dirisha dogo halitoi muda huo. Unashuka uwanja wa ndege, wiki hiyohiyo unadaiwa mabao. Kubadilisha mshambuliaji mmoja katikati ya msimu ningeelewa. Kubadilisha wawili kwa mpigo, chini ya kocha ambaye naye ana wiki chache tu klabuni, hapana. Hilo lilikuwa kosa la uongozi, na nalisema kwa uchungu.

Mengine mnayajua: Al Ahly ya Misri ikawatoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mashujaa ikawatoa Kombe la FA kwa penalti kule Kigoma, Benchikha akaondoka Aprili, Juma Mgunda akaimalizia kazi.

Baada ya msimu likaja fagio. John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Henock Inonga, Luis Miquissone, wote wakaondoka. Chama mkataba ukaisha, akavuka kwenda Jangwani, kwa Yanga, na hapo machozi yalimwagika. Mimi naona uamuzi wa kuvunja kikosi kile ulikuwa sahihi. Klabu ilikuwa inamaliza mwaka wa tatu bila ubingwa, na ilikuwa bado inawategemea watu wa miaka ya mataji. Safari hii walisajili kabla ya msimu, wakampa kocha mpya, Fadlu Davids, maandalizi kamili. Wakaja Mukwala, Ateba, Ahoua, Mutale, kipa Camara. Karibu timu mpya nzima.

Mei 2025 timu hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Ilipoteza, ndiyo, na ubingwa wa ligi ulibaki Yanga. Lakini Ahoua, mgeni kabisa katika ligi, alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 16. Yeye alipewa msimu mzima wa kuyafunga.