Mfuko wa Rambo Uliofutwa Feri

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kueleza mambo manne ambayo mshiriki wa shindano la picha anapaswa kuyafahamu kabla ya kuhariri kazi yake, lakini kwanza nisimulie yaliyonikuta Jumanne, nilipokuwa miongoni mwa waamuzi wa shindano dogo hapa Dar es Salaam. Ililetwa picha nzuri mno ya wavuvi wakishusha samaki alfajiri hapa Feri, kwenye soko la samaki, na wenzangu walikuwa wameshaanza kuimwagia alama, hadi nilipoikuza nikaona ubavuni mwa boti viwimbi viwili vilivyofanana kwa kila kitu, hata povu lake. Tulipoomba faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, tulikuta kwamba penye kiwimbi cha pili palikuwa panaelea mfuko wa rambo wa bluu, ule wa plastiki. Kijana aliyeipiga alikuwa ameufuta kwa kunakili kiwimbi cha kwanza juu yake.

DEO: Dada Rehema, mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kijana ametekeleza sheria, nanyi mkamwondoa?

REHEMA: Tulimwondoa, kaka Deo, na wasikilizaji walishajua kwamba utamtetea. Kanuni za shindano ziliruhusu kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, kunyoosha picha iliyopinda, kukata kingo na kufuta madoa ya vumbi lililoingia kwenye kamera. Hazikuruhusu kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwepo mbele ya kamera. Vumbi lilikuwa ndani ya kamera. Rambo ilikuwa baharini.

DEO: Mwaka 2012 Harry Fisch alishinda kundi lake katika shindano la National Geographic kwa picha aliyoipiga Varanasi, kando ya mto Ganges, kisha akanyang'anywa ushindi kwa sababu alikuwa ameufuta mfuko wa plastiki uliokuwa pembeni. Mwenyewe alieleza kwamba aliambiwa angeuacha, au angeukata pamoja na ukingo, asingepoteza chochote.

REHEMA: Kumbe rambo zinawaandama wapiga picha hadi India!

DEO: Nawe unazifuata nyuma na kioo cha kukuzia. Lakini nijibu: kama kuukata ni halali, kuufuta kunamdhulumu nani?

REHEMA: Kunamdhulumu mtazamaji. Anayekata anamwambia kwamba macho yangu yaliishia hapa, ilhali anayefuta anamwambia kwamba hapa palikuwa na maji matupu, jambo ambalo si kweli.

DEO: Mwaka 2010 Stepan Rudik aliondolewa katika World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari. Alikuwa ameikata picha pana ya rangi mpaka kilichobaki ni mkono unaofungwa bendeji, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, akazitia kingo giza, na hayo yote hayakumponza. Kilichomponza ni kipande cha mguu wa mtu kilichoonekana kwa nyuma, ambacho alikifuta. Mnamruhusu mtu kutupa sehemu kubwa ya picha, kisha mnamhukumu kwa ncha ya mguu?

REHEMA: Nakubali kwamba inachekesha, ila sikubali kwamba ni dhuluma. Mwaka 2015 shindano hilohilo liliondoa asilimia 20 ya kazi zilizofika hatua inayotangulia ya mwisho, baada ya kuzilinganisha na faili zake ghafi. Pasipo mpaka ulio wazi, waamuzi wangekesha wakibishana rambo ipi ni kubwa na ipi ni ndogo.

DEO: Wazipime kwa mizani ya samaki, hapohapo Feri! Kwangu mimi, swali ni kama maana ya picha imebadilika, na rambo ile haikuwa na maana yoyote.

REHEMA: Ilikuwa nayo kuliko mawimbi yote. Mfuko uliokatazwa kwa sheria bado unaelea mbele ya soko la samaki, nawe unataka ufutwe ili bahari ipendeze?

DEO: Mvuvi ndiye aliyepigwa picha, si taka. Hapo hunibadilishi.

REHEMA: Wala wewe hunibadilishi.

DEO: Fundi ananyoosha vidole viwili, zimebaki dakika mbili, na katika yale mambo manne hatujagusa hata moja.

REHEMA: Basi hayo tuyaache. Kijana, kama unatusikiliza, iwasilishe mwakani pamoja na mfuko wake.

DEO: Au aukate pamoja na ukingo, kanuni inaruhusu.

REHEMA: Ulikuwa katikati ya picha, kaka Deo.