Arobaini Kwenda, Kumi Kurudi

ASHA: Kabla hujawasalimia watu, kaka Baraka, nina aibu yangu naitoa hapa.

BARAKA: Tunarekodi tayari, dada.

ASHA: Vizuri, isikike. Mwanangu yuko darasa la saba. Juzi karudi na daftari la hisabati, swali moja limepigwa kosa kwa wino mwekundu. Daladala imetoka Mbezi kwenda Posta, kilometa 20, kwa mwendokasi wa kilometa 40 kwa saa. Ikarudi njia ileile kwa kilometa 10 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendokasi wa safari nzima.

BARAKA: Kilometa 20 za swali hizo, msikilizaji, usitushike na ramani.

ASHA: Mtoto kaandika 25. Nikapiga hesabu: 40 jumlisha 10, gawa kwa mbili, 25! Nikaandika chini yake: "Mwalimu, naomba usahihishe upya."

BARAKA: Mama yangu! Kwa kalamu?

ASHA: Ya bluu, na saini. Kesho yake daftari likarudi na mstari mmoja: "Mzazi, wakati wa kurudi daladala ilitumia muda gani?"

BARAKA: Huyo mwalimu namheshimu. Sasa mjibu.

ASHA: Kilometa 20 kwa mwendo wa 10... saa mbili.

BARAKA: Na kwenda?

ASHA: Nusu saa.

BARAKA: Basi hapo ndipo 25 ilipokufia. Wewe umezipa 40 na 10 kura mojamoja. Lakini 40 ilikaa barabarani nusu saa tu, 10 ikakaa saa mbili nzima. Mgeni wa nusu saa na mpangaji wa saa mbili unawapimia chakula sawa?

ASHA: Kwangu mgeni angepewa zaidi, lakini nimekuelewa.

BARAKA: Umbali wote, kwenda na kurudi, ni 40. Muda wote ni saa mbili na nusu. Gawa.

ASHA: Kumi na sita. Yaani kutoka 25 tunashuka mpaka 16!

BARAKA: Kama huamini, jaribu 25 yako. Kwa mwendo huo kilometa 40 zingeisha kwa saa 1 na dakika 36. Abiria aliyebanwa mlangoni akirudi atakwambia alikaa humo saa mbili kwa kurudi peke yake.

ASHA: Na usimwambie habari za wastani, atakutukana. Sasa ile ya kujumlisha na kugawa kwa mbili haifai kabisa?

BARAKA: Inafaa muda ukilingana. Ukienda saa moja kwa 40, halafu saa moja kwa 10, umetembea kilometa 50 kwa saa mbili. Hapo ni 25 halali. Umbali ukilingana, kama kwenda na kurudi, ule mwendo wa polepole ndio unaokula muda, na wastani unavutwa upande wake.

ASHA: Halafu kuna saa 2 na dakika 30. Mtoto aliandika 2.30 kwenye kikokotoo.

BARAKA: Ah, huo mtego umeua wengi! Dakika 30 ni nusu ya saa, kwa hiyo ni 2.5. Ukigawa kwa 2.3 utapata 17 na ushee, na utaiamini, maana inafanana na jibu.

ASHA: Na kituoni tukisimama?

BARAKA: Saa haisimami. Muda wa kungoja abiria unahesabiwa, mradi swali limesema safari nzima. Hata treni yetu ya SGR: imesanifiwa kwa kilometa 160 kwa saa, lakini mtu akigawa njia yote kwa 160 atamfuata mgeni stesheni mapema mno. Kuna kuondoka taratibu, kuna kupunguza mwendo, kuna vituo.

ASHA: Kumbe siku nikipigwa tochi kwenye kibao cha 50, namwambia, "Afande, wastani wangu tangu Mbezi ni 45."

BARAKA: Atakuandikia faini huku anacheka. Tochi inapima mwendo wa pale pale. Haijui habari za foleni yako ya Ubungo.

ASHA: Haya, nipe moja ya kumtega mwalimu.

BARAKA: Usianze tena. Lakini chukua: umeenda kilometa 20 zile kwa mwendo wa 10. Urudi kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 20?

ASHA: Thelathini. Si 10 na 30...? Ngoja. Kilometa 40 kwa wastani wa 20 ni saa mbili. Na kwenda nimetumia... saa mbili. Zimeisha!

BARAKA: Zimeisha. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alimtumia Albert Einstein swali la aina hii, la gari kuukuu linalopanda na kushuka kilima. Einstein akakiri kwamba mpaka alipopiga hesabu ndipo alipogundua hakuna muda uliobaki wa kushuka.

ASHA: Einstein! Basi mimi na kalamu yangu ya bluu tuna afadhali.

BARAKA: Yeye hakuweka saini, dada.

ASHA: Jumatatu napita shuleni na soda mbili. Moja ya mwalimu.

BARAKA: Ya pili?

ASHA: Ya mtoto. Alinikataza nisiandike.