Petroli, Mpira na Jukwaa: Bucks County Playhouse Mwaka 1943

Ndugu wasikilizaji, Bucks County Playhouse ni jumba la maigizo lililoko New Hope, Pennsylvania, ndani ya kinu cha zamani cha kusagia nafaka kando ya mto Delaware. Lilifunguliwa Julai 1939, na tangu mwanzo liliwategemea watu wenye magari. Hilo ndilo lililolihamisha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Petroli ndiyo inayotajwa siku zote kuwa sababu, lakini nyuma yake kulikuwa pia na mpira wa matairi. Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Marekani ilipoteza takribani asilimia 90 ya mpira wake ghafi. Petroli ikagawiwa pia ili matairi yasilike. (Uhaba huohuo ulifufua mashamba ya mpira yaliyoachwa Tanganyika, na watu wakashurutishwa kwenda kugema.)

Tupige hesabu. Gari lenye stika A, yaani daraja la chini kabisa la mgawo wa petroli, lilipata galoni 3 au 4 kwa wiki, na Mashariki mgawo ukapunguzwa tena baadaye. Tukikadiria maili 15 kwa galoni, galoni 3 ni kilomita 72. Kutoka Philadelphia hadi New Hope ni kama kilomita 60, kwenda tu. Januari 1943 safari za starehe kwa gari zikapigwa marufuku kabisa majimbo ya Mashariki.

Msimu wa 1943 ukahamia hoteli ya Bellevue-Stratford, katikati ya Philadelphia, ambako mtazamaji alifika kwa treni, kwa tramu au kwa miguu. Naona ulikuwa uamuzi sahihi kabisa.

Lakini ukumbi wa hoteli una masharti yake. Sakafu ni bapa, kwa hiyo jukwaa lazima liinuliwe, ila likipita mita moja hivi, safu ya mbele haioni miguu ya waigizaji. Juu hakuna nafasi ya kupandishia mandhari, yaani paneli za mapambo ya jukwaa. Kila paneli hubebwa kwa mikono.

Umeme ndio unaoumiza zaidi. Laini ya ampea 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800: taa 3 za wati 500, basi. Ya nne tayari inavuka kipimo. Ukiongeza ya tano, fyuzi huenda isikatike papo hapo. Hupata moto taratibu, ikakatika onyesho likiwa katikati. Ndiyo maana fundi hujaribu kila soketi kwanza na kuiandika kwa chaki namba ya laini yake, kabla hajatundika taa hata moja.