Mbona Kila Video Niko Jumba la Vioo? Leo Nawajibu

Asalamu aleikum jamaa zangu. Swali ni lilelile: "Kila wiki uko Kew Gardens, ile bustani ya mimea ya London, kwenye jumba la vioo, una hela za kuchezea, nyumbani hutumi." Nyumbani natuma, muulizeni mama. Na tiketi sinunui kila wiki, nina kadi ya mwaka ninayoilipa kidogo kidogo. Mwezi ule wa visa nusura niiache: ada ya afya ya wahamiaji peke yake paundi 1,035 kwa mwaka, bado ada ya visa yenyewe, halafu mwenye nyumba wangu wa zamani akagoma kuniandikia barua ya kuthibitisha nilikaa kwake. Miaka miwili nimemlipa kodi! Basi, tuyaache, mtasema nalalamika.

Hebu tazameni juu. Mnayaona yale mataruma, zile mbavu za chuma kama za jahazi? Mimi mtoto wa Nungwi, Unguja, nimecheza chini ya majahazi mjomba akipiga kalafati, akiziba nyufa za mbao kwa pamba. Siku ya kwanza kuingia humu nikasema, hiki chombo kimefudikizwa! Na kweli, mafundi Richard Turner na Decimus Burton walipolijenga jumba hili la mimea ya nchi za joto, Palm House, 1844 hadi 1848, waliazima ufundi wa meli za chuma. Mjomba taruma halipindi, huenda kutafuta mti uliojipinda wenyewe. Hawa walikipinda chuma. Mita 110 kwa urefu, katikati mita 19 kwenda juu, vipande vya vioo kama 16,000, na ubavu wenyewe mwembamba hivi. Zamani likipashwa joto kwa makaa, moshi ukapitishwa chini ya ardhi mpaka kwenye mnara kule mbali, usichafue vioo. Mtu aliyewaza hilo, mwacheni.

Ila chuma na mvuke wa humu ndani havipatani, kutu inakula. Ndiyo maana 1984 hadi 1988 walilifungua lote wakalijenga upya. Mjomba nilipomsimulia kwa simu hakushangaa, akauliza tu: "Kwani wao shahamu hawapaki?" Yale mafuta mazito tunayopaka vyombo vyetu.

Kuhusu kadi, simshauri mtu. Mimi naishi basi moja kutoka hapa, na Januari chumbani kwangu nazima hita kuokoa bili, humu nakuta joto la kwetu la Machi. Wewe hesabu zako unazijua mwenyewe.

Na mnaosema video zangu zina ukungu, si simu mbovu. Nikitoka kwenye baridi lenzi inalia. Ngojeni niifute.